Somo la Kumi na Mbili: Uso Wenye Mafuta na Chunusi

(Maandishi ya somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Yasomwe sehemu moja moja, kisha wanafunzi wazungumze.)

Nadhani kila mtu amekwisha kukaa mahali pake, na daftari na kalamu viko tayari. Katika somo lililopita niliwaomba kila mmoja alete kopo au tyubu moja ya mafuta au krimu mnayotumia nyumbani. Iweke mbele yako, lakini usiifungue. Leo tutaisoma. Kabla ya kuisoma, yatupasa kwanza tujue habari za ngozi yenyewe.

Somo hili limetokana na swali la mwanafunzi mwenzenu. Siku moja nilitembelea darasa la jioni, na masomo yalipokwisha mama mmoja alibaki nyuma. Akafungua pindo la kanga yake, akatoa tyubu ndogo ya krimu, akasema, "Mwalimu, hebu nisaidie kusoma hapa."

Akanieleza kwamba ana binti wa miaka 16, na tangu mwaka uliopita uso wa binti huyo umejaa chunusi. Binti ameona haya hata hataki kwenda kisimani mchana. Huenda alfajiri, kabla watu hawajaamka. Jirani wa kwanza alisema kuwa chunusi zile ni uchafu, binti haogi vizuri. Jirani wa pili alisema dawa yake ni kuolewa tu. Jirani wa tatu ndiye aliyemwuzia tyubu ile, akamhakikishia kwamba uso utakuwa laini na mweupe katika siku 7.

Mama yule alikwisha kuzijua herufi zote, lakini maneno ya tyubu yalikuwa madogo, tena ya lugha ya kigeni. Hata hivyo hakutaka kumpaka mwanawe kitu asichokijua. Nawaombeni tumfuate mama huyo kwa jambo hilo moja: kuuliza kwanza, kupaka baadaye. Yaliyoandikwa katika tyubu ile nitawaambieni mbele.

NGOZI HUTENGENEZA MAFUTA YAKE

Pitisha kidole chako juu ya paji la uso, kisha pembeni mwa pua. Utaona kidole kinateleza kidogo. Mafuta hayo hukupaka mtu. Yametoka ndani ya ngozi yako.

Ngozi ina vitundu vingi vidogo sana, navyo huitwa vinyweleo. Katika kila kinyweleo hutoka unywele, mara nyingine mwembamba hata hauonekani. Karibu na mzizi wa unywele huo pana kifuko kidogo kinachotengeneza mafuta. Kifuko hicho huitwa tezi ya mafuta. Mafuta hupanda pamoja na unywele, yakatoka nje na kuenea juu ya ngozi. Kazi yake ni njema: hulainisha ngozi na kuizuia isikauke na kupasuka.

Sasa tazama kiganja chako, kisha ufikiri juu ya unyayo wako. Je, umepata kuona chunusi kiganjani? Hapana. Sababu yake ni kwamba viganja na nyayo hazina tezi za mafuta. Lakini usoni, kifuani, mgongoni na mabegani tezi hizo ni nyingi na kubwa. Kwa hiyo chunusi hupenda kutokea mahali hapo.

Watu hawalingani kwa mafuta. Mmoja hunawa asubuhi, na ifikapo saa sita mchana uso wake unang'aa. Mwingine uso wake hukauka kama jani la mgomba wakati wa kiangazi. Tofauti hii kwa sehemu kubwa ni ya kurithi. Ikiwa baba au mama alisumbuliwa na chunusi katika ujana wake, mtoto naye huenda akasumbuliwa. Basi mzazi, kabla hujamlaumu mwanao, jikumbuke wewe mwenyewe.

CHUNUSI HUANZAJE?

Mtoto anapobalehe, mwili wake hutengeneza vitu viitwavyo homoni. Homoni ni kama wajumbe: hutembea katika damu na kuziambia sehemu za mwili zifanye nini. Baadhi ya wajumbe hao huziambia tezi za mafuta zikue na kuongeza kazi. Jambo hili huwapata wavulana na wasichana pia. Hii ndiyo sababu vijana walio wengi hupata chunusi, wengine chache, wengine nyingi.

Mafuta peke yake si chunusi. Liko jambo la pili. Ngozi hujibadilisha kila siku: chembe za juu hufa na kupukutika, chembe mpya hupanda kutoka chini. Kazi hiyo huchukua karibu majuma 4. Kwa mtu mwenye chunusi, chembe zilizokufa ndani ya kinyweleo hazipukutiki vizuri. Hushikamana na mafuta, zikafanya kizibo. Mfano wake ni mfereji wa maji machafu nyuma ya jiko. Mafuta ya chakula yakikutana na makombo, mfereji huziba.

Kizibo kikifunikwa na ngozi, huonekana kama kipele kidogo cheupe. Kizibo kikiwa wazi, kichwa chake huwa cheusi. Watu hudhani weusi ule ni taka, nao husugua kwa nguvu ili utoke. Si taka. Ni mafuta na rangi ya ngozi yenyewe, vilivyogeuka kuwa vyeusi kwa kukutana na hewa.

Jambo la tatu ni vijidudu. Katika ngozi ya kila mtu, hata aliye msafi kupita wote, wako vijidudu wanaokula mafuta hayo. Kinyweleo kikiziba, huzidi kuongezeka humo ndani, na mwili hukasirika na kupeleka damu mahali pale ili kupigana nao. Hapo kipele huvimba, huuma, na mara nyingine hutunga usaha. Uvimbe ukienda chini sana, huwa jipu gumu lenye maumivu, na likipona huweza kuacha kovu.

Kumbukeni mambo haya matatu: mafuta mengi, kizibo, na uvimbe. Yote matatu huanza ndani ya kinyweleo, mahali ambapo sabuni na dodoki haviwezi kufika.

(Simameni hapa. Kila mwanafunzi amweleze jirani yake kwa maneno yake mwenyewe jinsi chunusi inavyoanza. Kisha tuendelee.)

MANENO YA WATU

Sasa tuwarudie majirani wa mama yule, tuyapime maneno yao.

Wa kwanza alisema ni uchafu. Tumekwisha kuona kwamba si kweli. Mtu anaweza kunawa mara 10 kwa siku na bado akawa na chunusi. Tena kunawa mno hukausha ngozi, huikwaruza, na kuzidisha uvimbe. Chunusi haziambukizi pia. Huwezi kuzipata kwa kutumia beseni moja na mwenzako wala kwa kushikana mikono.

Wa pili alisema dawa ni kuolewa. Neno hili ni baya, kwa kuwa binti anaweza kuharibiwa maisha yake kwa ajili ya vipele. Ndoa haifungui kinyweleo kilichoziba. Wengi wenye ndoa wana chunusi, na wengi wasio na ndoa hawana. Chunusi za ujana kwa kawaida hupungua mtu anapoingia miaka ya ishirini na kitu, awe ameolewa au hajaolewa. Wako pia watu wazima, hasa wanawake, wanaoendelea kuzipata. Wengine huziona zikizidi siku chache kabla ya hedhi, kwa sababu homoni hubadilika wakati huo.

Wengine husema ni nyama ya mafuta, karanga au maembe. Hapana sababu ya kumnyima kijana karanga. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba vyakula na vinywaji vyenye sukari nyingi, na maziwa kwa baadhi ya watu, huweza kuzidisha chunusi kidogo. Anayekunywa soda kila siku ajaribu kupunguza. Ni vyema kwa meno yake pia.

MAMBO MANNE YA KUACHA

La kwanza, acha kutumbua. Ukiminya chunusi kwa kucha, sehemu ya usaha hutoka nje, na sehemu nyingine husukumwa chini zaidi. Kinyweleo hupasuka ndani ya ngozi, uvimbe huwa mkubwa, na mwisho wake ni kovu. Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi kuna hasara nyingine. Mahali palipovimba, ngozi hutengeneza rangi nyingi kupita kiasi. Chunusi hupona kwa juma moja, lakini doa jeusi hukaa miezi mingi. Wengi hulalamikia madoa hayo kuliko chunusi zenyewe.

La pili, acha kusugua. Dodoki, jiwe la miguu, mchanga na sukari havifai juu ya uso wenye chunusi. Akina mama wa pwani mnaojipaka liwa iliyosagwa kwenye msio, sisemi liwa ni sumu. Nasema msiisugue juu ya vipele vilivyovimba, na ikiwa uso unawasha, iondoeni kwa maji.

La tatu, acha vitu vikali. Ndimu, dawa ya meno, majivu na sabuni ya kufulia huunguza ngozi. Ndimu ni hatari zaidi juani, maana maji yake yakipigwa na jua huweza kuacha malengelenge na madoa.

La nne, acha mafuta mazito usoni. Kinyweleo ambacho kimekwisha kuziba hakihitaji kizibo kingine. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa mambo mengi, lakini kwa uso wenye chunusi huweza kuziba vinyweleo. Tazameni vilevile mafuta ya nywele. Mwaka 1970 madaktari wa Marekani walieleza juu ya watu waliopata chunusi nyingi kwenye paji la uso na pembeni mwa uso, mahali ambapo mafuta mazito ya nywele yalikuwa yakiteremka. Kama chunusi zako zimejipanga chini ya nywele, paka mafuta kidogo, uyaweke mbali na paji la uso, na ufue kitambaa chako cha kichwa na foronya mara kwa mara.

Akina baba, neno moja kwenu. Vipele vinavyotokea kidevuni na shingoni baada ya kunyoa, mara nyingi si chunusi. Ni ndevu zilizojikunja zikaingia tena ndani ya ngozi. Dawa yake ya kwanza ni kuacha kunyoa karibu mno, au kuacha ndevu zikue kidogo kwa muda.

KUOSHA NA KUTUNZA USO

Kazi hii ni rahisi, nayo haihitaji fedha nyingi.

Nawa uso mara 2 kwa siku, asubuhi na jioni, na tena ukitoka jasho jingi shambani au kazini. Tumia maji safi ya baridi au ya vuguvugu. Tumia sabuni laini ya kuogea isiyo na manukato makali, na usitumie ya kufulia. Paka povu kwa vidole, polepole, kisha suuza mpaka sabuni iishe. Futa kwa kugusagusa na kitambaa safi, usikwaruze.

Kama ngozi inavuta baada ya kunawa, paka losheni nyepesi kidogo. Usistaajabu. Hata ngozi yenye mafuta ikikaushwa kwa sabuni au dawa hukwaruzika na kuuma. Ukinunua losheni, tafuta maneno haya: NON-COMEDOGENIC. Maana yake ni kwamba mtengenezaji asema haizibi vinyweleo.

Jikinge na jua kali. Jua haliponyi chunusi, nalo huyafanya madoa yazidi kuwa meusi. Kofia pana au upande wa kanga husaidia. Mwenye uwezo aongeze losheni ya kuzuia jua yenye nambari 30 au zaidi.

DAWA

Kunawa vizuri huzuia mambo yasizidi, lakini mara nyingi hakutoshi kuponya. Kwa chunusi za kiasi, iko dawa ya kupaka iliyotumika miaka mingi, nayo huuzwa katika maduka ya dawa. Andikeni jina lake kama lilivyo kwenye tyubu: BENZOYL PEROXIDE. Dawa hii huua vijidudu na kusaidia kufungua vizibo.

Chagua yenye nguvu ya asilimia 2.5 au 5. Yenye nguvu zaidi huchoma zaidi, wala si lazima iponye zaidi. Anza usiku mmoja, ruka mmoja. Uso ukiizoea, paka kila usiku. Chukua kiasi cha punje ya njegere, ueneze juu ya sehemu yote yenye chunusi. Usiguse kipele kimoja kimoja tu, maana kizibo cha chunusi ya mwezi ujao kimekwisha kuanza mahali usipopaona. Weka mbali na macho na midomo. Tena uangalie nguo zako. Dawa hii huondoa rangi ya kanga na foronya, ingawa haiondoi rangi ya ngozi.

Sasa sikilizeni neno lililo kubwa kuliko yote katika sehemu hii. Dawa ya chunusi huchukua majuma 8 mpaka 12 kabla hujaona faida yake sawasawa. Nilisema ngozi hujibadilisha kwa karibu majuma 4. Dawa haiwezi kwenda mbio kuliko ngozi. Mtu apakaye juma moja, akaacha, akanunua nyingine, akaacha, hutupa fedha zake zote. Kwa sababu hiyo, anayekuahidi kuponya chunusi katika siku 7 amekupa sababu ya kutomwamini.

Ziko dawa nyingine zenye nguvu zaidi, za kupaka na za kumeza, lakini hizo ni za kupewa na daktari. Baadhi yake hudhuru mtoto aliye tumboni, na moja iitwayo ISOTRETINOIN huweza kumharibu vibaya sana. Mama mjamzito, au anayetazamia kupata mimba, asimeze wala kupaka dawa yoyote ya chunusi kabla ya kuuliza. Wala msinunue vidonge vya kuua vijidudu kwa kukisia. Vikitumiwa ovyo, vijidudu huvizoea, na siku utakapovihitaji kwa ugonjwa mkubwa havitafanya kazi.

TUSOME KOPO LETU

Haya, sasa chukua kopo au tyubu uliyoleta. Igeuze. Tafuta neno INGREDIENTS. Maana yake ni "vitu vilivyomo". Mwalimu wa darasa aandike ubaoni, kwa herufi kubwa, maneno haya manne:

MERCURY
HYDROQUINONE
CLOBETASOL
BETAMETHASONE

Weka kidole chini ya kila neno la kopo lako, ulilinganishe na maneno ya ubaoni. Huhitaji kujua lugha ya kigeni. Unahitaji macho, herufi ulizojifunza, na subira.

Neno la kwanza ni zebaki. Huzuia ngozi isitengeneze rangi yake, na ndiyo maana hutiwa katika baadhi ya krimu za kujichubua. Zebaki hupita katika ngozi na kuingia mwilini. Huharibu figo na mishipa ya fahamu, na huweza kumfikia mtoto aliye tumboni au anayenyonya. Mara nyingine huandikwa MERCURIC, MERCUROUS au CALOMEL. Mataifa yalipatana juu ya jambo hili katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013. Mkataba huo ulipewa jina la mji wa Japani ambako watu wengi waliathirika kwa kula samaki wenye zebaki iliyotoka kiwandani. Katika mkutano wa mwaka 2023 nchi za mkataba ziliamua kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikomeshwe ifikapo mwaka 2025. Hata hivyo amri ya karatasi haifagii vibanda vyote vya sokoni. Kwa hiyo usome mwenyewe.

Neno la pili ni dawa ambayo daktari wa ngozi huweza kuitumia kwa muda mfupi juu ya madoa. Ikitumiwa ovyo miaka mingi, huweza kuleta weusi wenye samawati usoni, nao ni mgumu mno kuondoka. Mtu alitafuta weupe, akapata weusi usiokuwa wake.

Neno la tatu na la nne ni dawa za jamii moja, ziitwazo steroidi. Ni dawa za kweli, nazo huwasaidia wenye baadhi ya magonjwa ya ngozi wanapopewa na daktari. Lakini juu ya uso wenye chunusi hufanya hila. Siku za kwanza uvimbe hutulia na uso hupendeza, na mtu husema amepona. Baada ya majuma au miezi ngozi huwa nyembamba, mishipa ya damu huonekana, na chunusi hurudi nyingi kuliko mwanzo. Akiacha, uso humwaka. Hivyo hununua tena, akawa mtumwa wa tyubu.

Je, ikiwa kopo halina maandishi? Mkorogo, yaani krimu zilizochanganywa na muuzaji na kutiwa katika kopo tupu, haumwambii mtu yeyote kilichomo. Chakula usichokijua hukili gizani. Basi usikipake usoni kitu usichokijua. Hapa Tanzania, tangu mwaka 2019, usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, yaani TBS. Mwenye shaka na kipodozi aweza kuliarifu shirika hilo, au kumwuliza mfamasia wa duka la dawa.

Kama umekwisha kutumia krimu za namna hiyo, usione haya. Nenda hospitali, uchukue na kopo lako, umwonyeshe daktari. Ni rahisi kumtibu mtu anayesema kweli.

NANI AENDE KWA DAKTARI?

Aende yule mwenye majipu makubwa ya kuuma chini ya ngozi. Aende anayeanza kupata makovu. Aende aliyetumia dawa ya duka kwa miezi 3 bila faida. Aende mwanamke mwenye chunusi nyingi, ambaye pia hedhi zake zimeharibika na ndevu zinamwota kidevuni, maana huenda homoni zake zina kasoro inayohitaji kutibiwa. Aende aliyetokwa na vipele ghafla baada ya kuanza dawa fulani. Baadhi ya dawa za kifua kikuu na za kifafa huweza kuleta vipele kama chunusi. Lakini tafadhali, usiache dawa hizo kwa ajili ya uso. Mwambie daktari, naye atakushauri.

Tena aende kijana aliyehuzunika hata hataki kula, kusoma, wala kuonana na wenzake. Huzuni hiyo si mzaha. Wazazi, msiwacheke.

Anzeni na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ikibidi, mtapelekwa mbele. Huko Moshi, penye hospitali ya KCMC, kiko kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992. Hapo waganga kutoka nchi nyingi za Afrika wamejifunza kazi hiyo. Basi ujuzi upo, nao si wa mbali na watu wetu.

MAMA NA TYUBU YAKE

Nimewaahidi mwisho wa habari ya mama yule. Jioni ile sikumsomea. Niliandika maneno manne katika kipande cha karatasi, nikamwomba alinganishe. Akaweka kidole chini ya herufi, moja moja, midomo ikicheza. Alipofika kwenye neno la tatu akasimama. Akarudia mara ya pili. Kisha akasema, "Hili hapa, Mwalimu. Ni hili hili." Lilikuwa CLOBETASOL.

Hakumpaka mwanawe. Walikwenda pamoja zahanati, wakaelekezwa dawa ya kupaka, na binti akaambiwa awe na subira.

Nilipolitembelea tena darasa lile, miezi 3 ilikuwa imepita. Nilimwuliza mama habari za nyumbani. Akajibu kwamba chunusi hazijakwisha zote, na madoa bado yapo, ila mapya ni machache. Akaongeza kwamba siku hizi binti huenda kisimani saa kumi jioni, pamoja na wenzake.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini chunusi hazitokei viganjani?
2. Kichwa cheusi cha chunusi ni taka? Eleza.
3. Kutumbua chunusi huleta hasara gani mbili?
4. Kwa nini dawa ya chunusi haiwezi kuponya katika siku 7?
5. Umeona neno gani katika kopo ulilolileta? Utafanya nini?
6. Kijana wa nyumbani kwako ana chunusi na anaona haya. Utamwambia maneno gani?

MANENO YA KUJIFUNZA

Kinyweleo: kitundu kidogo cha ngozi ambamo unywele hutoka.
Tezi: sehemu ya mwili inayotengeneza kitu kama mafuta, jasho au mate.
Usaha: majimaji mazito yanayotoka katika kipele au jipu.
Zebaki: madini mazito ya majimaji yenye sumu.
Chunusi: vipele vya usoni. Neno hili hili, kwa watu wa pwani, ni pia jina la pepo wa majini anayesemekana kuwavuta waogeleaji chini. Katika somo letu tumesema habari za vipele tu.

Kwa somo lijalo, kila mmoja aandike nyumbani kwake yale maneno manne mara 5, kisha amsomee mtu mmoja wa jamaa yake. Kwa herini, ndugu wanafunzi.